Ruzuku ya CDBG ikitoka kaunti kwenda jiji: mkataba wa chama chetu unabaki wapi?

*Swali: Mimi ni katibu wa chama cha Waswahili katika mji wa watu elfu hamsini na kidogo hapa Marekani. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Kenya. Kila mwaka kaunti hutupa dola 30,000 za CDBG (ruzuku ya serikali ya shirikisho ya maendeleo ya jamii) kwa masomo ya jioni ya watoto na kuwasaidia wazazi kutafuta kazi. Tuna pia mkataba wa kaunti wa dola 60,000 wa kukarabati jiko na vyoo vya jengo letu, na kazi imefika nusu. Sasa halmashauri ya jiji imepiga kura kwamba kuanzia Julai 1 jiji lenyewe litasimamia ruzuku hii. Afisa wa kaunti anasema tusubiri jiji. Jiji linasema bado halijaajiri mtu. Je, mkataba wetu umekufa? Ankara tupeleke wapi? Wengine chamani wanataka twende kikaoni tupinge. Wengine wanasema sisi ni wakimbizi, fungu letu lipo tu. Tushike lipi?*

Ndugu katibu, mkataba haujafa. Lakini pia hakuna kitu kitakachohamia jijini chenyewe ifikapo Julai 1, na hapo ndipo vyama vingi hujikwaa. Mnachokiona kama fedha moja inayobadilisha mmiliki ni mafungu mawili: fedha ambazo kaunti ilishapewa na kuwagawia ninyi, na fedha ambazo jiji litapewa kwa mara ya kwanza. Fungu la kwanza linabaki kaunti hadi senti ya mwisho. Fungu la pili mtaliomba upya, kama chama kisichojulikana, hata kama mmefanya kazi nzuri miaka yote hii.

Kwanza niwaondolee dhana kwamba jiji "limeipora" kaunti. CDBG ilianzishwa na sheria ya nyumba na maendeleo ya jamii ya 1974, na huendeshwa na HUD, wizara ya shirikisho ya nyumba na maendeleo ya miji. Baada ya makato machache, asilimia 70 ya fedha huenda moja kwa moja kwa miji mikubwa na kaunti kubwa, na asilimia 30 hupitia majimbo kwa ajili ya maeneo madogo. Mji hupata haki ya kupokea moja kwa moja ukiwa mji mkuu wa eneo la metro (yaani jiji na vitongoji vyake) au ukifikisha watu 50,000 ndani ya eneo hilo. Kaunti hupata haki hiyo ikiwa na watu 200,000 bila kuhesabu miji yenye haki yake. Kiasi hakiombwi wala hakijadiliwi. Hutoka kwenye kanuni ya hesabu inayotazama idadi ya watu, umaskini, msongamano ndani ya nyumba, ukuaji wa mji uliosuasua, na nyumba zilizojengwa kabla ya 1940. HUD hupiga hesabu kwa njia mbili na kuchukua iliyo kubwa, kisha hupunguza wote kwa uwiano ili fedha zitoshe.

Walio na mazoea ya Kenya wajihadhari hapa. Kule Kisumu au Nakuru ni jiji lililo chini ya kaunti, na fedha hushuka kupitia kaunti. Katika CDBG jiji lenye haki yake haliko chini ya kaunti hata kidogo. Lilikuwa ndani ya kaunti kwa hiari, kwa mkataba wa ushirikiano.

Mkataba huo ndio mlipaswa kuuomba tangu siku ya kura. Kaunti husajiliwa na HUD kwa vipindi vya miaka 3, na jiji lililokubali kuingia haliwezi kutoka katikati ya kipindi. Kura ya halmashauri peke yake haibadilishi chochote. Kinachobadilisha ni barua rasmi kwa kaunti na kwa HUD, iliyopelekwa katika dirisha la kusajili upya, ambalo kwa kawaida huwa miezi ya kiangazi kabla ya mwaka wa fedha wa shirikisho kuanza Oktoba 1. Kwa hiyo swali la kwanza kwa karani wa jiji ni hili: kipindi cha sasa cha kaunti kinaisha lini, na barua ya kujitoa ilipokelewa HUD tarehe gani? Kama kipindi kina mwaka mmoja zaidi, basi Julai 1 hii ni maneno matupu, na mnapaswa kuomba kaunti kama kawaida. Usikubali jibu la mdomo. Omba nakala.

Tuseme barua ilifika kwa wakati. Twende kwenye jiko.

Zile dola 60,000 ni za mwaka fulani wa ruzuku ya kaunti. Kaunti ndiyo iliyosaini na HUD, ndiyo iliyofanya mapitio ya mazingira ya jengo lenu, na ndiyo iliyoufungua mradi kwenye IDIS, mfumo wa kompyuta wa HUD ambao malipo yote hupitia. Mkataba wa ushirikiano kati ya kaunti na jiji, kwa masharti ya HUD, huendelea kuishi mpaka fedha za kipindi hicho zimetumika na miradi imekamilika, hata kama jiji limeshatoka. Ankara za jiko zinaenda kaunti. Afisa anayewaambia "subirini jiji" kuhusu jiko amekosea, na mnaweza kumwandikia hivyo kwa adabu mkitaja namba ya mkataba wenu.

Tazameni tarehe ya mwisho ya mkataba, maana mingi huisha Juni 30. Kazi iliyofanyika Julai 5 chini ya mkataba uliokufa Juni 30 hailipwi, hata fundi awe amemaliza vizuri namna gani. Ombeni nyongeza ya muda kwa maandishi angalau siku 60 kabla, na isainiwe na pande zote mbili kabla mkataba haujaisha. Nyongeza iliyosainiwa baadaye huzua ugomvi na mkaguzi.

Msiongeze kazi mpya katikati, kwa mfano kupanua jiko kwa fedha za jiji. Kazi ikiongezeka, mapitio ya mazingira hurudiwa, na safari hii jiji ndilo linalowajibika kuyafanya. Kusaini na mkandarasi kabla mapitio hayajakamilika kunaweza kuupotezea mradi fedha zote, hata kama mlitumia hela ya mfuko wenu. Ni kosa jepesi kulifanya na halina dawa. Kumbukeni pia kwamba ujenzi unaozidi dola 2,000 huleta sheria ya mishahara ya Davis-Bacon. Zile karatasi za mishahara za kila wiki za mkandarasi zikipotea wakati ofisi zinabadilishana mafaili, mtakaobanwa ni ninyi. Wekeni nakala zenu.

Jambo moja zaidi kuhusu jengo. Likiwa limekarabatiwa kwa zaidi ya dola 25,000 za CDBG, linatakiwa kuendelea na matumizi yaliyokubaliwa kwa miaka 5 baada ya mkataba kwisha, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Mkiliuza au mkaligeuza kuwa kitu kingine kabla ya hapo, mtadaiwa sehemu ya thamani yake ya soko ya wakati huo. Anayewafuatilia kwa hilo ni kaunti, jiji likitoka lisitoke.

Sasa zile 30,000 za masomo na ajira. Habari hapa si nzuri sana, na ni bora muisikie mapema.

Mpokeaji wa ruzuku, awe kaunti au jiji, haruhusiwi kutumia zaidi ya asilimia 15 kwa huduma za jamii, ikiwa ni asilimia 15 ya ruzuku ya mwaka pamoja na mapato ya miradi ya mwaka uliotangulia. Masomo ya jioni na msaada wa ajira wa aina yenu viko kwenye kapu hilo. Tuseme kaunti ilikuwa ikipata dola 3,000,000: kapu lake lilikuwa 450,000, na 30,000 zenu zilikuwa tone. Tuseme jiji litapata 450,000: kapu lake ni 67,500. Mkiomba 30,000 mnaomba karibu nusu ya kapu zima, mkishindana na ghala la chakula, makao ya wasio na nyumba, na kituo cha wazee ambacho kila diwani ana shangazi yake pale. Jiandaeni kupata 10,000 au 12,000, na mwandike maombi ambayo yanaweza kusimama kwa kiasi hicho: mfano masomo pekee, siku mbili kwa wiki. Msaada wa ajira utafutieni mlango mwingine.

Jiji pia haliruhusiwi kutumia zaidi ya asilimia 20 kwa uendeshaji na mipango. Kwa mfano wetu hizo ni 90,000, ambazo humlipa mtu mmoja na marupurupu yake, labda na robo ya mhasibu. Ndiyo maana wanawaambia hawajaajiri. Ofisi ya mtu mmoja haipendi mikataba midogo mingi, kwa sababu mkataba wa 5,000 una makaratasi sawasawa na wa 50,000. Majiji mengi mapya huweka kima cha chini. Ulizeni kama kipo kabla hamjaanza kuandika.

Na hili la wakimbizi, ndugu zangu, liacheni. Ukimbizi hauwapi fungu. Kanuni za CDBG zinataja makundi ambayo hudhaniwa kuwa ya kipato cha chini bila kupimwa: watoto walionyanyaswa, wazee, waliopigwa na wenzi wao, wasio na makazi, watu wazima wenye ulemavu mkubwa, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, wanaoishi na UKIMWI, na wafanyakazi wa mashambani wanaohamahama. Wakimbizi hawamo. Hivyo mnatakiwa kuonyesha kwamba angalau asilimia 51 ya mnaowahudumia wanatoka kaya zenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, kwa ukubwa wa kaya. HUD hutoa jedwali jipya kila mwaka. Fomu ya kipato mliyoizoea kaunti huenda isikubalike jijini: kaunti zingine huridhika na mzazi kujaza na kusaini, jiji jipya lenye hofu ya wakaguzi laweza kudai hati za mshahara. Liambieni jiji mapema kwamba akina mama wanaouza maandazi hawana hati ya mshahara, na muulize watakubali tamko lililosainiwa au la. Kikwazo hiki hujitokeza Novemba, watoto wakiwa wameshasajiliwa, ambapo ni kuchelewa.

Hatari kubwa kuliko kukosa ruzuku ni kuipata halafu ikachelewa. Bunge la shirikisho mara nyingi hupitisha bajeti kwa kuchelewa, HUD hutangaza migawo baada ya hapo, na jiji haliwezi kuwasilisha mpango wake wa mwaka bila kujua kiasi halisi. Mpango wa mwaka unaoanza Julai 1 unaweza kusainiwa Septemba au Oktoba. Kisha jiji liandike mkataba wenu, mwanasheria wake aupitie, halmashauri iupitishe. Kwa jiji linalofanya hivi mara ya kwanza, nisingeshangaa malipo ya kwanza yakija Januari. CDBG hulipa kwa kurejesha: mnatumia kwanza, mnaleta risiti, ndipo mnalipwa. Chama chenye matumizi ya 2,500 kwa mwezi kinahitaji akiba ya kati ya 12,000 na 15,000 kuvuka pengo hilo, au kiahirishe masomo hadi mkataba usainiwe.

Kuna mlango wa kisheria wa kupunguza maumivu. Kanuni humruhusu mpokeaji kugharamia kazi iliyofanyika kabla ya makubaliano yake na HUD kuanza, mradi kazi iwe kwenye mpango, mapitio ya mazingira yawe yamekamilika, na jumla isizidi asilimia 25 ya ruzuku ya mwaka au dola 300,000, ipi iliyo kubwa. Kwa jiji dogo 300,000 ni nafasi tele. Lakini ruhusa hiyo ni ya jiji kuitoa, kwa maandishi, kabla hamjatumia. Ombeni barua inayosema gharama kuanzia tarehe fulani zitatambuliwa. Bila barua, kila mlichotumia Julai na Agosti ni sadaka. Wekeni pia kwenye mkataba kipengele cha malipo: kanuni za fedha za shirikisho hutaka ombi la malipo lilipwe ndani ya siku 30 tangu kupokelewa, isipokuwa lina kasoro. Watu wa ofisi ndogo hulisahau hili mpaka ukumbushe.

Je, mpinge? Mimi nisingepinga jiji kuchukua jukumu. Ningepinga jiji kulichukua likiwa halijajiandaa. Kikaoni ulizeni kama limesajiliwa kwenye SAM, daftari la shirikisho la wanaopokea fedha zake, na kupata namba yake ya utambulisho, UEI, nani atasaini mapitio ya mazingira, nani ataingiza takwimu IDIS na nani mwingine ataidhinisha malipo (mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili), na kama mpango jumuishi, ule wa miaka 3 hadi 5, umeshaanza kuandikwa. Mpango huo lazima ufike HUD siku 45 kabla ya mwaka wa programu kuanza, baada ya wananchi kupewa siku 30 za kutoa maoni. Kwa Julai 1, hiyo ni katikati ya Mei. Kama Machi bado hakuna rasimu, wasiwasi wenu una msingi.

Njia za kati zipo, na madiwani wengi hawazijui. Jiji linaweza kuomba HUD idhini ya mkataba wa pamoja na kaunti. Hapo mgawo wa jiji hupigiwa hesabu peke yake kisha hujumlishwa na wa kaunti, kaunti ndiyo inayowajibika kwa HUD, na makubaliano yao yanaweza kusema fedha kiasi gani zitumike ndani ya jiji. Au jiji lipokee lenyewe na kuilipa kaunti ifanye kazi ya ofisi mwaka wa kwanza na wa pili. Wajibu unabaki wa jiji, lakini utaalamu upo. Kwa jiji lenye mgawo wa 450,000 njia hii ya mwisho naiona ndiyo yenye busara, na ndiyo ningeipigania kama ningekuwa mkazi.

Kuna pia fedha za HOME, za nyumba nafuu, ambazo husahaulika katika shangwe hizi. Jiji lililo ndani ya kaunti hufaidi HOME ya kaunti. Likitoka, ili lipokee HOME lenyewe linahitaji mgawo wake ufikie dola 500,000, au 335,000 katika miaka ambayo Bunge limetenga chini ya bilioni 1.5, na jiji la ukubwa wenu mara nyingi halifiki. Dawa ni kutoka kwenye CDBG na kubaki kwenye muungano wa HOME. Katika King County, jimbo la Washington, miji ya Kent, Auburn, Federal Way na Bellevue hupokea CDBG yake moja kwa moja na bado imo kwenye muungano wa HOME pamoja na kaunti. Ulizeni kama jiji lenu limesaini kitu kama hicho, kwa sababu familia zenu zinazosubiri nyumba ndizo zitakazoumia kama halikusaini.

Mkienda kikaoni, nendeni mkijua kwamba sheria yenyewe ya CDBG inalitaka jiji lieleze namna litakavyowasikiliza wakazi wasiozungumza Kiingereza pale wanapotarajiwa kuhudhuria kwa wingi. Andikeni wiki mbili kabla mkiomba mkalimani wa Kiswahili, na mtaje watu wangapi watakuja. Vikao vya lazima ni angalau viwili kwa mwaka, katika hatua mbili tofauti. Cha kwanza, cha mahitaji, ndicho chenye nguvu. Jambo lisiloandikwa kwenye mpango jumuishi kama hitaji la kipaumbele ni vigumu kupata hela miaka yote ya mpango. Msiende kuimba sifa za chama. Leteni idadi: watoto wangapi, kutoka kaya ngapi za kipato cha chini, wangapi wako kwenye orodha ya kusubiri.

Siri ndogo ya ofisi hizi: siku 60 kabla mwaka wa programu haujaisha, HUD hupima kama fedha zisizotumika zinazidi mara 1.5 ya ruzuku ya mwaka. Mwaka wa kwanza jiji haliwezi kuanguka. Mwaka wa pili, kama halijatumia kitu, litakuwa na 900,000 dhidi ya kikomo cha 675,000, na hapo litatafuta kwa jasho mradi ulio tayari. Awamu ya pili ya jengo lenu, ikiwa na michoro, makadirio ya mkandarasi na hati ya umiliki, inaweza kupata mwaka wa pili fedha ambazo isingepata mwaka wa kwanza. Ukarabati wa jengo hauingii kwenye lile kapu la asilimia 15.

Mambo mengine msiyamalize kwa kusoma maelezo kama haya. Mkiletewa karatasi ya "kuhamisha mkataba" wa jiko kwenda jijini, msisaini kabla mwanasheria wa mashirika yasiyo ya faida hajaisoma. Vyama vya mawakili vya majimbo mengi vina huduma hiyo bure. Hivyo hivyo kama jengo lina dhamana ya kaunti iliyoandikishwa kwenye hati, au kama jiji linaanza kuwauliza wateja wenu hali yao ya uhamiaji. Ankara ikipita siku 60 bila jibu la maandishi, muoneni msimamizi wa fedha wa kaunti ana kwa ana, mkiwa na ankara, risiti na barua pepe mlizotuma kwa mpangilio wa tarehe. Akishindwa, ofisi ya HUD ya eneo lenu hupokea malalamiko. Na kama jumla ya fedha za shirikisho mnazotumia kwa mwaka, kutoka ofisi zote, inakaribia dola 1,000,000, mtafuteni mhasibu sasa, kwa sababu hapo ndipo ukaguzi kamili wa shirikisho unapokuwa lazima.

Wiki hii andikeni barua mbili. Ya kaunti: thibitisheni tarehe ya mwisho ya kila mkataba na mwombe nyongeza ya jiko. Ya jiji, kwa meneja wa jiji mwenyewe maana ofisi bado haina mtu: ombeni kuwekwa kwenye orodha ya taarifa za maombi na vikao, na muulize kuhusu barua ya gharama za kabla ya makubaliano.